Jina Langu Liko kwenye Faili la Kamulonga

Likasi, Jumapili alasiri

Mwadi mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda kumuaga shangazi yako, na najua mtachelewa, kwa sababu shangazi yako hamwachi mtu aondoke kabla hajamlisha mara mbili. Nimebaki na meza ya kulia na begi lako, ambalo limesimama mlangoni tangu asubuhi kana kwamba ndilo linalosafiri na wewe unalisindikiza tu.

Habari za maji ya kuchemsha, za simu ya kuficha ukiwa barabarani, za kutokula kwa watu usiowajua, sizigusi. Mama yako ameshazisema zote, na kesho atazisema tena dirishani mwa basi mpaka dereva akasirike. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikimbia kwa muda mrefu kuliko umri wako.

Leo tulipotoka kanisani niliwaambia goti linaniuma, nendeni bila mimi. Goti ni zima. Nilikwenda kwa Kambo Numbi, bibi yako wa matembele, nikamweleza kitu ambacho sijawahi kumweleza mtu. Kwa kuwa yeye ameshakisikia, ni lazima na wewe ukisikie kabla hujaondoka.

Unakumbuka siku uliyopata barua ya kukubaliwa kwenye staji, mafunzo yako ya kazini. Ulinisomea hapa hapa mezani, umesimama, hukuweza hata kukaa. Miezi sita Kinshasa, katika ofisi inayoandaa sera za kilimo endelevu. Kazi yako ya kwanza itakuwa kusaidia kupanga upya orodha ya ardhi za mkoa wetu: zipi zinalimwa, zipi ziko wazi na zinaweza kupewa wengine. Ukasoma majina ya sehemu zitakazoangaliwa upya, ukafika kwenye Kamulonga, ukainua macho.

"Papa, Kamulonga si kule kwa Kambo Numbi? Weye ulifikaka kule?"

Nikasema sikumbuki. Kisha nikainuka kwenda kufunga bomba la uani, ambalo lilikuwa limefungwa.

Kuanzia siku ile nikaanza kukusimulia Kinshasa kana kwamba ni mdomo wa mamba. Nikasema vijana wa magenge ya kuluna watakukata kwa panga, mvua zitabeba nyumba utakayopanga, na staji nzuri utaipata Lubumbashi mwakani ukivumilia. Mama yako aliniuliza mbele yako ninaogopa nini hasa. Wewe ukanikumbatia, ukamwambia aniache, huo ndio upendo wa baba. Mwanangu, kumbatio lile liliniumiza. Haukuwa upendo. Niliogopa utafungua faili na kuona jina langu.

Sasa nikueleze limefikaje humo.

Nilikuwa stajieri kama wewe, mwenye suruali moja ya kazini na viatu vya kuazima. Mkuu wetu wa ofisi alikuwa amesema wazi kwamba kati yetu watano atabakizwa mmoja. Mwezi wa tisa nikatumwa Kamulonga, upande wa Kambove, kuandika ardhi ya kijiji. Kulikuwa na watu waliotaka kuomba uwanda ule, na ofisi ilitakiwa kusema kama kuna mashamba au hakuna.

Nilipokelewa na Mzee Kalenga na mkewe Numbi. Wakati huo hakuwa kambo wa mtu. Alikuwa mwanamke wa nguvu, anatembea mbele na panga mkononi, anaongea bila kugeuka nyuma, na mimi namkimbilia kwa viatu vya watu. Wewe unakijua kilimo chao kwa vitabu. Mimi nilikijua kwa miguu, kwa maana mama yangu alilima vile vile. Wanakata matawi, mti wenyewe wanauacha. Wanayarundika mahali pamoja, wanayachoma mvua ikikaribia, na kwenye lile duara la majivu wanapanda ulezi. Mwaka unaofuata wanatia karanga na mihogo. Kisha wanaiacha ardhi ilale, miaka kumi, kumi na mitano, mpaka miti irudi. Mgeni anayepita pale mwezi wa tisa anaona pori.

Numbi alinionyesha lile pori. Alikwangua majani makavu kwa ncha ya panga, na chini yake kukawa na majivu ya zamani, meusi, na vipande vya makaa. Akanionyesha miti iliyokatwa matawi yakachipua tena.

"Hii ilikuwa ya mama yangu," akasema. "Ile kule ni yangu. Na ile iko nalala, nitaiamusha mwaka yenye kuya."

Tulizunguka siku nzima. Nilikuwa na daftari, nikaandika kila duara, na la nani, na limelala tangu lini. Jioni wakanipa ugali wa bukari na viwavi vikavu, na asubuhi wakanifungia kuku wa kuondoka naye. Kuku yule tulimla ofisini, wote watano tuliokuwa tunagombea nafasi moja.

Fomu ilikuwa na safu mbili: inalimwa, hailimwi. Nilikwenda kwa mkuu wetu, nikamuuliza ardhi inayolala naiandika wapi. Alikuwa anamenya chungwa. Hakupandisha sauti.

"Colonne ziko mbili, mon petit," akaniambia. "Shamba inaonekana ao haionekani?"

Nikasema haionekani. Akasema basi, akarudi kwenye chungwa lake.

Kwa miaka mingi nimemfanya mtu yule kuwa mbaya kichwani mwangu. Nimempa sauti ya ukali, nimempa vitisho ambavyo hakuvitoa. Ukweli ni kwamba aliniuliza swali, nami nikatoa jibu lililonifaa. Daftari lilikuwa mfukoni mwangu. Ile fomu ilikuwa na upande wa nyuma, mweupe, mpana, wa kutosha kuandika kila kitu nilichoonyeshwa. Hakuna aliyenikataza kugeuza karatasi. Nikaandika "hailimwi", nikatia saini yangu mpya niliyokuwa nimeifanyia mazoezi kwenye magazeti, yenye mkia mrefu, utaitambua. Mwezi uliofuata nikaandikishwa kazi. Mama yangu alicheza uani mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

Nilijiambia kwamba ni karatasi tu. Katika ofisi yetu karatasi zilikuwa zinakuja kufa. Ile haikufa. Haukupita mwaka, uwanda wa Kamulonga ukapewa kampuni moja ambayo leo haipo hata kwa jina, wakaja na nguzo na waya, wakazungushia mpaka kijito. Wanakijiji walipouliza, walionyeshwa fomu. Mtaalamu amefika, ameona, hakuna mashamba. Hawakusomewa jina la mtaalamu, wakadhani ni mwingine aliyekuja baada yangu.

Ningekuwa nimekosea hapo tu, labda ningekuandikia barua fupi. Lakini Mzee Kalenga na Numbi walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye shahidi angefanya. Walitembea mpaka Likasi kumtafuta yule kijana agronomu, bwana shamba aliyeyaona majivu, aje aseme. Niliwaona dirishani wakiingia lango la ofisi, yeye na kifurushi kichwani, mumewe amevaa koti la Jumapili. Nikamwambia tarishi awaambie niko safarini kikazi. Nikaingia chumba cha nyuma, tulipoweka magunia ya mbegu za mahindi, nikakaa juu ya gunia.

Ukuta ulikuwa mwembamba. Nilimsikia Numbi akiongea na tarishi kwa upole kabisa. "Mumuambie tu akuye aseme ile aliona," akasema. "Atukumbuke, alikula kwetu."

Walingoja mpaka ofisi ikafungwa. Tarishi aliwapa maji. Mimi nilitoka giza lilipoingia.

Mzee Kalenga hakuwa na pa kulima tena, akaenda kuvunja mawe ya shaba pamoja na vijana ambao wangekuwa wajukuu zake. Vumbi likamuingia kifuani, akafa. Numbi akahamia mjini na watoto wake, akaanza kuuza matembele. Na Jumapili moja, wewe ukiwa bado mgongoni kwa mama yako, akaniona mlangoni mwa kanisa. Alipaza sauti kwa furaha, "Agronomu!" Alimwambia mama yako kwamba mimi ni mtu mwema, kwamba walikuja kunitafuta wakakosa bahati, nilikuwa kwenye mission, na kwamba kama ningekuwepo siku ile mambo yangekuwa mengine. Akakuchukua mgongoni mwa mama yako. Kuanzia hapo ukawa na kambo.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Alikusuka nywele, alikufundisha kumenya karanga, alikuletea matembele kila Jumamosi hata wakati tulipokuwa nayo tele. Ni yeye aliyekwambia kwamba ardhi inalala, na ukaja kunisimulia mimi kana kwamba ni habari mpya. Siku uliyotetea kazi yako ya mwisho chuoni, mbele ya walimu wote, ulisema kilimo endelevu ulikijua kwanza kwa bibi muuza matembele. Watu wakapiga makofi. Kambo Numbi alilia. Mimi nilitoka nje nikasema natafuta maji.

Kila Jumamosi ninapoona beseni lake likiingia lango letu, nashika gazeti ambalo silisomi. Sijawahi kuzoea. Ananiuliza habari za kazi, nami najibu. Ananishukuru kwa sababu tulimsaidia kupata meza sokoni, nami napokea shukrani hiyo. Mtu anayekuchukia unaweza kubadilisha njia usikutane naye. Huyu ananipenda, na njia yake inaishia mlangoni mwangu.

Mama yako anadhani naipenda Likasi. Mara mbili nimepewa nafasi ya kuhamia kwingine, mara ya pili ilikuwa cheo kizuri, nyumba na yote, na mara mbili nimekataa. Aligombana nami mpaka akachoka. Nilimwambia siwezi kuacha kanisa, siwezi kuacha kaburi la mama yangu. Uongo. Ufunguo wa chumba cha mafaili unakaa kwa mtu wa meza yangu. Ningehama, mtu mwingine angeushika, na siku moja angefungua faili la Kamulonga. Hivyo nimekaa miaka yote hii kwenye kiti kile kile, nikiangalia ukuta ule ule wenye kalenda za makampuni ya mbegu, wenzangu wote wakipita na kwenda mbele. Kwa nini sikuichoma ile karatasi? Nimejiuliza. Labda niliweza kuwaibia watu wale mara moja, lakini sikuwa na moyo wa kuwakosea mara ya pili. Au labda ni uoga tu, maana hata kuharibu kunataka ujasiri.

Basi mwaka juzi ikaja amri kwamba mafaili yote ya ardhi yapelekwe Kinshasa. Gari likaja, dereva alikuwa peke yake, akaomba msaada. Nilibeba lile faili kwa mikono yangu miwili, nikaliweka garini, nikarudi kwenye kiti changu. Na ufunguo bado ulikuwa mfukoni mwangu, wa chumba kitupu. Ungefikiri siku ile ningejisikia huru. Nilijua tu kwamba sasa siwezi hata kulinda mlango. Halafu ikaja barua yako.

Utafika huko, Mwadi, na utakuwa na njaa ile ile niliyokuwa nayo. Kila stajieri anayo. Unataka mkuu wako apite karibu na meza yako aseme huyu abaki. Si dhambi. Mimi sikuwa kijana mbaya, na hilo ndilo ninalotaka ulijue hasa, kwa sababu ukinifikiria kama mtu mbaya utadhani wewe uko salama. Nilikuwa kijana mwema, mtoto wa mama aliyelima hivyo hivyo, nilikuwa na ukweli wote mfukoni, na bado nikaandika kile ambacho karatasi ilikuwa na nafasi yake. Hakuna atakayekuja kukuomba uwadhulumu wanakijiji. Atakuja mtu mpole mwenye chungwa, atakuuliza swali fupi saa ambayo wote mnataka kwenda nyumbani. Geuza karatasi. Andika nyuma. Wakikurudishia, andika tena. Wanaweza kukufukuza, na utarudi hapa, na utakula bukari la mama yako. Nimeishi mahali pengine pabaya zaidi kuliko hapo.

Kuhusu faili lenyewe, nilitaka kukupa daftari langu la wakati ule. Bado ninalo. Nililitia kwenye begi lako jana ulipokuwa unaoga, chini ya nguo, na leo asubuhi nimelitoa. Nilitambua nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nakutuma wewe uende kunisemea, kama nilivyomtuma tarishi. Daftari litabaki kwangu. Jumanne nitaandika maelezo yangu na kuyapeleka mwenyewe kwa mkuu wa ofisi, duara kwa duara, jina kwa jina, na chini nitaweka saini ile ile yenye mkia. Wanaweza kunitoa kazini kabla ya pensheni. Mama yako hajui lolote bado. Kesho jioni tutakuwa wawili tu nyumbani, na nitamwambia.

Unaweza kujiuliza kama kweli nitafanya hivyo. Hata mimi najiuliza. Najijua. Nimeamka asubuhi nyingi nikiwa mtu wa kweli, na kufika saa nne nimeshapata sababu. Kwa hiyo, ingawa nimesema sitakutuma kunisemea, nakuomba jambo moja: siku ya kwanza, kabla hujapewa kiti, mwambie mkuu wako kwamba jina lililo chini ya fomu ya Kamulonga ni la baba yako, na kwamba fomu hiyo si ya kweli. Ukishasema wewe, sitakuwa na mahali pa kurudi nyuma. Nisikufiche kwamba kuna upande wangu unaotamani ufumbe macho, ulipitishe faili, unilinde. Ukisikia sauti hiyo kwenye simu, hata nikiongea kwa upole, hata nikikwambia mama yako ana presha, usiifuate.

Sasa Kambo Numbi. Nilimkuta uani kwake, amekaa kwenye mkeka, anakukaangia karanga za safari. Alifurahi, akadhani nimekuja kuzichukua. Akaniletea kiti. Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, fomu kwanza, kisha chumba cha nyuma. Nilipofika kwenye magunia ya mbegu aliacha kukoroga, na karanga zikaanza kuungua, na hakuna kati yetu aliyezitoa motoni.

Aliniuliza kitu kimoja. "Ile siku bwana yangu alikuita kwa jina, mu couloir, ulimusikia?"

Sikuwa nimemwambia hilo. Ni kweli, Mzee Kalenga aliita, pale kwenye ujia wa ofisi. Aliita jina langu mara mbili, polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya watu. Nikasema nilimsikia.

Hakulia, wala hakunitukana. Ningependa angenitukana. Kisha akasema, bila kunitazama: "Mutoto anayua?" Nikasema bado. "Umuambie mbele apande basi. Asiende kule kama kipofu. Na minye kesho sitakuya."

Nikasubiri aseme lingine. Akaanza kuokota karanga zilizoungua, moja moja, na kuzitupa. Nikaondoka.

Nimeandika haya yote ili kesho usiachwe kukisia. Asubuhi kituoni utamtafuta. Nakufahamu, utapanda basi na kushuka tena, utamwomba dereva angoje dakika tano, utasema kambo yangu ni mzee, anatembea polepole. Usimwombe, Mwadi. Kambo yako hajachelewa. Yuko nyumbani kwake, miguu yake ni mizima, na anakupenda jinsi alivyokupenda jana. Hatakuja kwa sababu nami nitakuwepo.

Baba yako